Spika za Milango ya Gari la Tawi: Kwa Nini Tulinunua Mara Mbili



Wengi wenu mnaolijua gari la tawi letu mmekuwa mkituuliza maswali mawili. La kwanza ni kwa nini hesabu ya tawi inaonyesha spika za gari zimenunuliwa mara mbili katika muda wa miezi minne. La pili hutoka hasa kwa ndugu zetu madereva wa njia ya Kasese na Bwera, nao huuliza mtu anunue spika za namna gani za milango pindi zile zilizokuja na gari zikifa. Jibu la maswali haya ni moja. Tunalitoa hapa bila kuficha, kwa maana pesa iliyotumika ni ada zenu, na kosa tulilolifanya sisi bado linafanywa sokoni kila siku.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota Corolla ya zamani iliyokwisha kutumika Japani kabla haijafika kwetu, kama yalivyo magari mengi ya barabara zetu. Hutoka Hima kwenye kiwanda cha saruji, hushuka Kasese mjini, hupita hadi Kikorongo karibu na mstari wa ikweta, halafu hukata kulia kuelekea Kisinga na Bwera mpaka Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unatutenganisha na ndugu zetu wa Kongo. Njiani kuna viwanda vya kuchambua pamba, mashine za kukoboa kahawa, na mashamba. Mahali pengi hatuna ofisi. Ofisi ni gari hilo. Zamu ikibadilika tunaliegesha chini ya mti, tunafungua milango yote minne, tunachomeka flashi kwenye redio, na maneno tuliyoyanasa kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili yanasikika kwa watu 30 au 40 waliosimama kulizunguka. Pembe kubwa ya kuweka juu ya paa hatukuitaka. Pembe huita mji mzima, na mfanyakazi anayetaka kuuliza habari za likizo yake hapendi kuuliza mbele ya mji mzima.

Maneno yaliyonaswa ni mafupi, kwa sababu mtu anayetoka zamu ana njaa. Tunasoma baadhi ya yale yaliyomo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006: saa za kawaida za kazi zisizidi 48 kwa wiki, likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, mama mzazi siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, baba siku 4. Karibu yote ni tarakimu. Sasa, ndugu msomaji, fikiri spika iliyopasuka inazisomaje tarakimu hizo.

Mama mmoja anayechagua kahawa katika kiwanda kimoja upande wa Bwera alitujia na mtoto mgongoni, mtoto mchanga kabisa ambaye shingo haijakaza. Alitusalimu, tukaitikia, kisha akasema, "Bwana Katibu, zile siku sita zenu ni chache mno. Mimi nilirudi kazini siku ya saba na mwili wangu ulikuwa bado."

"Siku sita zipi, mama?"

"Si mlisema wenyewe hapa, na gari lenu? Mama aliyejifungua ni siku sita. Msimamizi aliponiita sikubisha. Nilijua ndiyo sheria."

Tuliwasha ile flashi mbele yake, tukasimama hatua kumi kutoka mlangoni kama yeye alivyokuwa amesimama siku ile. Neno "sitini" lilitoka "sit", kisha mkwaruzo, kisha sentensi ikaendelea. Mtu asiyeijua sheria angesikia sita. Na mama yule alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wawili wenye mimba.

Habari ya siku zake tuliifuata kwa mwajiri, na zilizobaki alipewa. Lakini siku saba hazikurudi, na waliompotosha hawakuwa watu wa mwajiri. Tulikuwa ni sisi.

Basi tukaenda kununua spika, na tukaenda kwa haraka. Siku ya soko tulikuwa Mpondwe, mahali ambapo vitu hupita kutoka pande zote mbili za mto: maharage, kahawa, vitenge, simu, na maboksi ya spika yamepangwa juu ya turubai. Mfanyabiashara mmoja alitupokea kwa maneno matamu. "Papa, hii iko na nguvu sana," akasema, akigonga sanduku kwa kidole penye maandishi ya rangi ya dhahabu: wati 1000. Akatia rumba kwenye spika yake ya maonyesho na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu. Dereva wetu akatabasamu, na sisi tukatabasamu. Tulinunua jozi moja kwa shilingi 90,000, na ya pili akatupunguzia mpaka 60,000. Kijana wake akazifunga palepale, mbili katika kila mlango wa mbele, waya zote zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri, maana wiki ya kwanza tulicheza muziki. Wiki ya pili tulichomeka flashi ya chama mbele ya kiwanda cha pamba. Sauti ilitoka nzito kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Dereva akaiongeza. Redio ikapata moto hata kiganja hakikai, ikajizima. Ilipopoa tukaiwasha, ikajizima tena. Mara ya tatu upande wa kushoto ukafa kabisa, na harufu ya kitu kilichoungua ikatoka kwenye dashibodi. Watu wakaondoka mmoja mmoja wakisukuma baiskeli zao. Hakuna aliyecheka, na hilo lilituuma zaidi kuliko kama wangecheka.

Kasese mjini kuna mzee mmoja anayetengeneza redio. Umeme alijifunza Kilembe akiwa kijana mdogo, katika miaka ya mwisho kabla ya uchimbaji wa shaba kusimama. Alizitoa zile spika mlangoni, akaigeuza moja, akabandua kwa bisibisi kile tulichodhani ni sumaku kubwa. Kilikuwa kifuniko cha plastiki. Sumaku yenyewe ndani yake haikutimiza upana wa vidole vitatu.

"Wanangu," akasema, "mmenunua sanduku. Spika hamjanunua."

Yanayofuata ni yale aliyotufundisha mzee huyo, na ambayo tumeyapima wenyewe katika gari la tawi.

Kwanza, hakikisha kwamba kilichokufa ni spika. Wenye magari yaliyotoka Japani wengi hulalamika kwamba gari linakwaruza na halishiki stesheni, wakakimbilia spika. Huko Japani FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90 kwa miaka mingi, nayo kwetu Uganda huanza 87.5 na kufika 108. Redio ya Kijapani iliyokuja na gari haioni sehemu kubwa ya stesheni zetu, hata ukiiwekea spika za dhahabu. Hiyo ni kazi ya kubadili redio, au kuifungia kile kifaa kidogo cha kugeuza masafa. Sisi redio tulikuwa tumekwisha kuibadili zamani, kwa hiyo shida yetu haikuwa hiyo. Spika yenyewe hupimwa hivi: fungua ubao wa mlango, weka vidole pande mbili za koni, isukume ndani polepole. Ikikwaruza, koili yake imeungua au imepinda. Tazama ukingo wa koni; ukiwa wa sponji, baada ya miaka mingi ya jua huvunjika kama mkate mkavu. Halafu chomoa waya, weka mita ya umeme kwenye ncha mbili. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, imekufa. Zetu za zamani zilikuwa zinasoma vizuri ila karatasi ya koni ilikuwa imechanika kutoka ukingoni, na ule mchaniko ndio uliokuwa ukimeza maneno.

Sasa habari ya wati, ambayo ndiyo iliyotutia hasara. Chukueni mfano wa mshahara. Mtu anaambiwa kazi hii ina laki tano. Akihesabu, ndani ya hizo laki tano kuna posho ya usafiri isiyolipwa mvua ikinyesha, kuna zawadi ya msimu inayokuja mwaka mmoja katika mitatu, na mkononi mwisho wa mwezi hupata laki mbili. Wati 1000 za kwenye sanduku ni zile laki tano. Wati za mkononi ni zile zinazoandikwa herufi RMS, yaani nguvu ambayo spika inaibeba saa baada ya saa bila kuungua. Nyingine huitwa za kilele, nazo ni za kufumba na kufumbua, na kwa spika za bei rahisi hazina maana hata hiyo. Ni wino tu. Sanduku lisiloandika RMS mahali popote liache juu ya turubai.

Tena redio nayo ina laki tano zake. Usoni imeandikwa 50 mara 4. Lakini gari lina umeme wa volti 14 hivi injini ikizunguka, na 12 na kitu ikizimwa. Kwa umeme huo amplifaya iliyo ndani ya redio ya kawaida husukuma wati 20 hivi kwa kila spika ya omu 4, mara nyingi chini ya hapo. Sisi tukiegesha huzima injini, kwa hiyo hata hizo 20 hatuzipati. Sasa wati 1000 zitatoka wapi? Kwa redio isiyo na amplifaya ya pembeni, spika ya RMS 30 hadi 60 inatosha kabisa.

Kitu cha kutafuta ambacho hakiandikwi kwa dhahabu ni wepesi wa spika, yaani inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Huandikwa kwa desibeli, kwa herufi ndogo nyuma ya sanduku au kwenye karatasi iliyo ndani. Spika moja itasema 87, nyingine 90, nyingine 92. Mtu husema tofauti ya tatu ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Spika ya 90 ikipewa wati 10 hutoa sauti ile ile inayotolewa na spika ya 87 iliyopewa wati 20. Kwa hiyo mwenye redio dhaifu na betri inayozeeka, kama sisi, anunue wepesi, asinunue wati. Sisi tulichukua zilizoandikwa 91.

Kisha omu. Huu ni ukinzani wa spika, na redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa spika za omu 4 hadi 8. Yule kijana wa sokoni alitufungia spika mbili za omu 4 kwenye waya zile zile, bega kwa bega. Zikifungwa hivyo hazibaki 4, wala hazijumliki kuwa 8. Zinashuka kuwa 2. Ni kama kufungua mabomba mawili kwenye tangi moja: maji hutoka maradufu, na pampu ndiyo inayoumia. Redio yetu ilisukuma umeme ambao haikuumbwa kuusukuma, ikaungua. Spika moja, waya zake mbili, njia yake moja ya redio. Na magari mengine, hasa yale yenye mtambo wa muziki wa fahari kutoka kiwandani, hutumia spika za omu 2 au 8. Pima ile ya zamani kwanza, usikisie.

Vipimo vya tundu vinawashinda watu wengi kuliko umeme. Toyota nyingi huchukua spika ya mviringo ya inchi 6 na nusu katika milango ya mbele, nayo ni kama sentimita 16 na nusu, lakini usiende dukani na neno la mtu. Nenda na rula. Pima upana wa tundu. Pima matundu ya skrubu. Halafu teremsha kioo mpaka chini kabisa, ndipo upime kina kutoka bati la mlango hadi kwenye kioo. Dereva mmoja wa teksi hapa Kasese alifunga spika nzuri, sumaku nene, akafurahi njia nzima mpaka Kikorongo. Joto likazidi, akateremsha kioo. Kilisimama katikati na hakikupanda tena mpaka walipofungua mlango Bwera. Toyota tena spika zake hukaa juu ya fremu ya plastiki iliyopigwa ribiti kwenye bati. Ribiti hizo hukatwa kwa keekee, taratibu, bila kupanua tundu, na kwa kuwa fremu huondoka pamoja na spika ya zamani, spika mpya huhitaji pete ya kuisimamisha. Zipo pete za plastiki za kununua. Sisi seremala alitukatia za plaiwudi ya milimita 18, tukazipaka rangi ya mafuta mara mbili pande zote, hata ndani ya matundu ya skrubu.

Kwa nini rangi? Kwa sababu mlango wa gari ndani yake ni mvua. Wengi hawaamini mpaka waone. Maji hupita kwenye mpira wa kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea matundu madogo ya chini. Yakizibwa na vumbi la Kasese, maji hukaa, na mvua za Bwera zinazotoka mlimani si haba. Ndiyo sababu kiwanda huweka karatasi ya nailoni kati ya bati na ubao wa mlango. Fundi mwenye haraka huipasua na kuitupa. Ukimwona anaitupa, mzuie mkono. Ibanduliwe polepole na irudishwe. Ikiwa imechanika, kata nailoni nene mpya uibandike pande zote. Zibua matundu ya chini kwa waya. Na ukichagua spika, koni iwe ya plastiki iitwayo polipropilini na ukingo wake uwe wa mpira. Koni ya karatasi ina sauti nzuri, hatubishi, na karatasi iliyotiwa dawa huvumilia. Lakini ile ya bei ya chini katika mlango wenye maji itakurudisha dukani mwaka kesho.

Tulitaka pia kujua kwa nini sauti ya pipa. Mzee alitwambia nusu yake ilikuwa spika na nusu yake ni mlango. Spika hupiga hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ikiwa kuna mwanya pembeni mwake, hewa ya nyuma huzunguka na kuiua ile ya mbele. Kwa hiyo kati ya pete na bati, na kati ya spika na pete, pawekwe mpira. Tulikata tyubu ya baiskeli iliyokufa, tukaizungusha pote. Haikutugharimu hata shilingi. Sponji ya godoro usiitumie, inakunywa maji. Ubao wa mlango nao ukiwa umevunjika vishikizo unatetemeka na kukoroma. Nunua vishikizo vipya, ni vya bei ndogo.

Mwisho wa mambo ya kununua ni ile spika ndogo ya katikati, twita. Hapa ndipo neno "sitini" lilipopotelea. Sauti za s, t, f na sh ni nyembamba, ziko juu kabisa. Koni pana ya inchi 6 na nusu peke yake huzitupa mbele moja kwa moja kama tochi. Aliyesimama pembeni hazimfikii. Spika yenye twita yake ndogo katikati huzitawanya, na aliye pembeni ya gari husikia sawa na aliye mbele. Zipo pia zile ambazo twita huja mbali ili ifungwe juu karibu na kioo, na kwa mtu anayesikiliza muziki akiwa kwenye kiti ni nzuri zaidi, lakini zinataka kazi na pesa. Kwa gari linaloegeshwa milango wazi, twita ya katikati imetutosha.

Dereva wetu hakukubali upesi. Yeye ni mtu wa besi. Alituambia bila besi gari ni kama sufuria tupu. Tulibishana naye tangu Kisinga hadi Kikorongo. Ukweli ni kwamba besi ikiongezwa, koni huenda mbali mbele na nyuma, nguvu ndogo ya redio inaliwa yote, na maneno yanayopanda juu yake hutetemeka. Sasa tuna makubaliano: akiwa peke yake besi ni yake; zamu ikitoka, besi inashushwa hadi sifuri. Tena wanaotusikiliza ni watu waliokaa saa nane ndani ya mngurumo wa mashine za kuchambua pamba. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndio mpaka wa sikio, na kila desibeli 3 zikiongezeka saa hizo hukatwa nusu. Masikio ya ndugu zetu yamekwisha kutumia fungu lao la siku kabla hawajatufikia. Kuwapigia kelele zaidi kwa jina la chama haifai.

Basi hesabu, kama ilivyosomwa mbele ya kamati. Spika za kwanza, jozi mbili, shilingi 150,000, zimepotea. Kutengeneza redio upande wa kushoto, 45,000. Spika za pili, jozi moja yenye twita, omu 4, RMS 40, desibeli 91, tulizozinunua katika duka la Kasese lenye kutoa risiti na lililokubali tuzipime kwa mita kabla ya kulipa, 170,000. Plaiwudi na seremala, 15,000. Rangi tulipewa na mwanachama. Vishikizo vya ubao, 6,000. Mzee alikataa malipo ya mafunzo akapokea 20,000 ya kazi. Jumla ni 406,000, na kama tungeanza kwa mzee ingekuwa 211,000. Mwekahazina alipendekeza hasara igawanywe kwa sisi tuliokwenda Mpondwe, nasi tulikubali. Inakatwa katika posho zetu kwa miezi mitano.

Kuna jambo moja dogo ambalo karibu litushinde hata mara ya pili. Kila spika ina ncha ya chanya na ncha ya hasi. Kushoto na kulia zisipolingana, moja husukuma nje wakati nyingine inavuta ndani, na sauti ya katikati hufa. Chukua betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5, gusisha waya kwenye ncha kwa nukta moja tu. Koni ikiruka nje, upande wa chanya wa betri ndio upande wa chanya wa spika. Fanya zote kabla ya kurudisha ubao wa mlango, si baada yake.

Siku tulipomaliza tulikwenda Bwera bila kutangaza. Yule mama alikuwa kazini. Alitoka zamu saa kumi, mtoto kwa dada yake. Tulimwomba asimame mbali kuliko siku ile, nyuma ya wenzake wote, ubavuni mwa gari. Flashi ikasoma kwa Lhukonzo, kisha kwa Kiswahili. Ilipofika mahali pa mama mzazi alinyoosha mkono.

"Sitini," akasema. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Sitini."

Wale wawili wenye mimba walikuwapo. Mmoja alituomba tuirudie, tukairudia.

Mlango wa nyuma wa kulia bado una spika ya zamani iliyochanika, na tumeichomoa waya mpaka kamati ikae. Atakayeona upande huo umenyamaza ajue si ubovu mpya.